Ripoti Niliyomwandikia Mama Nzigire

Amani alinipigia simu Alhamisi, saa nne asubuhi, nikiwa katikati ya kipindi cha biolojia cha kidato cha pili hapa Vwawa. Namba ilikuwa ya Zambia. Nikatoka nikasimama barazani, wanafunzi wakinichungulia madirishani. "Mama mdogo," akasema, na kwa namna alivyolivuta hilo neno nikajua kabla hajamaliza. "Mama ametutoka alfajiri. Moyo." Nikamuuliza mazishi ni lini. Akasema Jumamosi, hukohuko Kitwe, na kwamba nisipoweza kufika ataelewa. Nikarudi darasani nikaendelea na somo. Tulikuwa kwenye sehemu za ua, nikachora ubaoni ua kubwa lililopasuliwa katikati na kuanza kuandika majina pembeni, mpaka binti mmoja wa mbele akanyoosha mkono kuniambia kwa adabu kwamba sehemu mbili tofauti nimezipa jina moja. Nikafuta. Kengele ilipolia nilikuwa bado nimeshika kitambaa cha kufutia ubao, sijui niandike nini.

Nina miaka hamsini na mmoja sasa. Wakati ule nilikuwa na ishirini na sita, mwalimu mpya katika chuo kidogo cha ualimu cha kanisa karibu na Nanyala, enzi ambazo huku kwetu kote kulikuwa bado kunaitwa Mkoa wa Mbeya. Mkuu wa chuo aliniita ofisini akanisomea barua. Kulikuwa na taasisi huko ng'ambo iliyokuwa ikiwatafutia wasomi na wasanii waliokimbia vita mahali pa kufanyia kazi kwa mwaka mmoja. Taasisi ilitoa posho, chuo kikatoa nyumba na meza, na mwalimu mmoja akateuliwa kuwa mwenyeji wa mgeni na kuandika ripoti mwaka ukikaribia kwisha. Mgeni aliyeletwa kwetu alikuwa Mama Nzigire, mtaalamu wa mimea kutoka mashariki mwa Kongo. "Wewe ni wa biolojia," mkuu akaniambia, "halafu huna familia. Nyumba yako ina vyumba viwili. Utakaa naye." Hakuniuliza kama nataka, na mimi sikuwa nimefikia umri wa kuulizwa.

Alifika mchana wa mvua, mwanamke mrefu wa miaka arobaini na kitu, na begi moja la mkononi. Shingoni alivaa lenzi ndogo ya kutazamia mimea, iliyofungwa kwa uzi wa kiatu, nami nikadhani ni kidani. Nikamwonyesha chumba: kitanda cha mbao, meza, dirisha linalotazama migomba na mistari michache ya kahawa ya chuo. Aliigusa meza, akaibonyeza kuona kama inatikisika. Kisha akaniuliza, "Magazeti ya zamani, inapatikana?" Nikafikiri anataka kusoma. Nikamletea rundo kutoka maktaba, akashukuru, na kabla hajanywa hata maji akaanza kuyakunjua na kuyanyoosha kwa viganja, moja moja, mpaka kitanda kizima kikajaa karatasi. Baadaye ndipo nilipojua kwamba kukausha mimea kunahitaji karatasi kuliko kitu kingine chochote. Asubuhi yake niliingia kumkaribisha chai, nikamkuta amelala juu ya blanketi na magazeti, ameshavaa nguo za kutokea, viatu vikiwa miguuni. Mwaka mzima alilala hivyo. Nilizoea, na nadhani kosa langu lilianzia hapo, kwenye kuzoea.

Tulielewana kwanza mezani. Mimi nilipika ugali, yeye akauita bugali, na kisamvu akakiita sombe. Aliposikia kwamba mawese yanatoka Kyela na yanauzwa Tunduma sokoni, tulipanda gari Jumamosi hiyohiyo kwenda kuyatafuta. Huko akakuta pia dagaa wakavu wa Ziwa Tanganyika. Alichukua mmoja, akamnusa, akafumba macho. "Hii ni ndagala ya kwetu," akasema. "Ilikuja kwa mtumbwi mpaka Kasanga, halafu ikapanda gari. Kama miye tu." Yule muuzaji akacheka, naye akacheka, na mimi nikaona kwa mara ya kwanza kwamba meno yake mawili ya pembeni yalikuwa hayapo. Sikuuliza. Jioni alipika sombe kwa mawese na hao dagaa. Tulikula, kijiko changu kikirudi sufuriani mara tatu. Mpaka leo nikipika kisamvu nakipika kwa namna yake.

Kazi aliyojipangia ilikuwa kitabu kuhusu mimea ya porini ambayo watu wa mpakani hula: masuku, uyoga, mboga za msituni, na zaidi ya vyote chikande, vile viazi vidogo vya ua la porini ambavyo wanawake wa huku huvichimba na kuwauzia Wazambia. Mimi nimekua nikivijua kama bidhaa ya gunia. Yeye alikaa sokoni Tunduma, kwenye ndoo iliyogeuzwa, akiwauliza akina mama kila kiazi kimetoka wapi, ua lake lina rangi gani, na kama bado vinapatikana palepale walipochimba mama zao. Mwanzoni walimwogopa. Pale Nanyala nako kulivuma kwamba chuo kimeleta mganga wa Kikongo, na watu wawili watatu walikuja na watoto wagonjwa mpaka mlangoni kwetu. Aliwaketisha, akawaeleza kwa upole kwamba yeye si mganga, akawapa uji watoto na kuwaelekeza zahanati. Mama mmoja akamuuliza, sasa kama hutibu, haya majani yote ndani unayakausha ya nini. "Ili kesho mtu asiseme hayakuwepo," akajibu.

Mimea yenyewe ilijaa nyumba. Ilikuwa chini ya godoro langu na juu ya kabati la vyombo, imebanwa katikati ya magazeti kwa mbao na mawe. Sebule ilinuka majani makavu na dawa ya nondo. Mchana mmoja nilirudi mapema kutoka darasani nikamsikia akiongea chumbani kwake, sauti tulivu, ya mfululizo, kama mtu anayesali rozari. Nikasimama. Alikuwa akitaja namba, kisha jina la Kilatini, kisha mahali: bondeni, kando ya mto fulani, mlimani upande wa mashariki, umekusanywa asubuhi. Halafu namba inayofuata. Alipofika mahali fulani akakwama, akarudia namba ileile mara nne. Niligonga mlango. Nikamkuta ameketi, mgongo ukutani, mikono mapajani. Akanieleza bila kuzungusha. Chuo kikuu alikofundisha kiliingiliwa na askari, wakaweka kambi kwenye jengo lao, na makabati yake yalikuwa na kazi ya miaka kumi na tisa. "Ni karatasi kavu na majani makavu," akasema. "Walikuwa na njaa, walipikia. Miye mwenyewe niliona moshi, nikafikiri ni kuni." Tangu hapo alikuwa akiyakariri majina ya vilivyokuwemo ili yasimtoke, na kila mwezi aliona yamepungua.

Si wote chuoni waliompenda. Siku moja, nikiwa nasahihisha madaftari chumba cha walimu, niliwasikia mkuu na mhasibu wakizungumza upande wa pili wa ukuta wa ubao wa dari uliokuwa ukitenganisha ofisi. Mhasibu alisema huyu mama anachuma majani mwaka mzima na anaishi vizuri kuliko mwalimu wa daraja la kwanza. Mkuu akajibu kwamba la msingi ni ripoti itoke nzuri, maana taasisi ikiridhika italeta wageni wengine, na wageni huja na vifaa. "Yule binti anaandika vizuri," akaongeza, akinisema mimi. Nilifurahi. Ni aibu kukumbuka, lakini nilifurahi.

Mara moja kwa wiki tulikwenda Vwawa kwenye kibanda cha simu ili azungumze na mwanawe. Huyo ndiye Amani, wakati ule ana miaka kumi na nne, aliyeachwa Uvira kwa dada wa Mama Nzigire kwa sababu posho na kibali vilimruhusu mama peke yake. Nilikaa kwenye benchi nje na kusikia upande mmoja tu wa maongezi. "Unakula? Shule ilifunguka? Hapana, si mwezi huu. Mwaka wa pili, wakinipatia mwaka wa pili, unakuja." Taasisi ilikuwa na utaratibu wa kuongeza mwaka mmoja kwa yule ambaye bado hana pa kurudi, na wa pili huo uliruhusu mtoto kuletwa. Alikuwa ameshampimia mahali pa kulala, kati ya meza na dirisha. Alikuwa ameshamuuliza mkuu wa shule ya sekondari ya jirani kuhusu nafasi. Akitoka kibandani alikuwa akitembea haraka mbele yangu, na lori likipasua tairi barabarani alikuwa anajikuta ameinama kando ya mtaro, mikono kichwani, kisha anasimama, anajipangusa magoti, anaendelea na habari aliyokuwa akinisimulia.

Haya yote niliyaona. Niyaseme waziwazi, kwa kuwa fomu ya ripoti ilipofika niliulizwa hayohayo. Ilikuwa kurasa nne za Kiingereza. Je, mgeni ameweza kufanya kazi? Je, afya yake ikoje, ya mwili na ya akili? Je, bado yumo katika hatari au uhitaji? Mama Nzigire aliniambia jambo moja tu, asubuhi, akifunga kanga yake kiunoni: "Mwalimu, andika vile ulivyoona." Nami niliketi mezani sebuleni Jumamosi nzima nikaandika kwamba Daktari Nzigire ni mzima wa afya, amezoea mazingira, analala na kula vizuri, anaheshimiwa na jamii, anafanya kazi kwa utulivu mkubwa, na kwamba baada ya mwaka mmoja chini ya uangalizi wa chuo chetu ana uwezo kamili wa kujitegemea. Sisi kwetu mtu akiulizwa habari hujibu ni nzuri, hata kama ametoka kuzika. Nilijiambia kwamba kumwandika mgeni wangu kwa watu asiowajua, kwamba hulala na viatu, kwamba huinama mtaroni, ni kumvua nguo. Hiyo ilikuwa sababu moja, na ni ya kweli. Ilikuwepo nyingine. Ukurasa wa mwisho ulieleza kwamba wenyeji watakaoonyesha mafanikio wanaweza kufikiriwa kwa mafunzo ya miezi sita nje ya nchi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, sijawahi kuvuka mbali zaidi ya Nakonde. Nilitaka mgonjwa wangu aonekane amepona mikononi mwangu.

Bahasha ilikaa mezani bila kufungwa tangu Jumamosi hadi Jumatatu, nikisubiri mhuri wa mkuu. Jumatatu ikaondoka.

Jibu lilikuja baada ya wiki sita, kwa barua pepe. Tulilisoma pamoja kwenye chumba cha kompyuta mjini Vwawa, tumebanana kwenye kiti kimoja, kijana mwenye duka akisikiliza redio. Mama Nzigire alisoma kwa sauti ya chini kwa Kiingereza chake chenye Kifaransa, kisha akanitafsiria kana kwamba mimi ndiye nisiyejua lugha. Walimpongeza. Walifurahi mno kusoma, katika ripoti ya mwenyeji wake, kwamba yu mzima, ametulia na ana uwezo kamili wa kujitegemea. Kwa sababu hiyo walikuwa wameamua nafasi ya mwaka wa pili apewe mwenzake mwenye uhitaji mkubwa zaidi. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, yamerudi mpaka na mpangilio wake. Yeye alikaa akitazama kioo cha kompyuta mpaka kikazimika chenyewe. "Kuna mtu mahali fulani atapata," akasema. Kisha akasimama, akaweka lenzi ndani ya blauzi. "Twende tutafute ndagala. Leo nitapika miye." Akapika. Nikasukuma sahani pembeni, nikasingizia tumbo.

Kibali chake kiliisha pamoja na posho. Mkuu wa chuo alisikitika, naamini kweli alisikitika, lakini chuo hakikuwa na fungu la kumwajiri. Rafiki wa zamani wa Mama Nzigire, aliyekimbilia Zambia, akamtafutia kazi ya kufundisha Kifaransa katika shule ya binafsi mjini Kitwe. Nilimsindikiza hadi Tunduma, na makasha sita ya mimea juu ya mkokoteni. Kwenye kaunta ya ukaguzi wa mazao, afisa alifungua kasha moja, akaona majani na mizizi, akauliza cheti cha afya ya mimea. Hatukuwa nacho, na kukipata kungechukua siku ambazo kibali chake hakikuwa nazo. Afisa alikuwa mpole na alikuwa sahihi. "Mama, mimi siwezi," akasema, "hata kama ni makavu." Mama Nzigire akamweleza kwamba anaelewa, kwamba yeye mwenyewe angekataa. Akayafunga makasha upya, kamba kwa kamba, akanishika mabega. "Weka dawa ya nondo kila miezi mitatu. Usiyaweke chini, mchwa." Ndilo agizo lake la kuagana. Kisha akavuka kwa miguu kwenda upande wa Nakonde, begi lilelile moja mkononi, akapita kati ya wanawake waliokuwa wakibadilisha kwacha. Mmoja wao akamsalimia, "Muli shani, bamayo?" Nikamwona akiinamisha kichwa kujibu, na neno la Kibemba hakuwa nalo.

Mafunzo nilipata. Nilikwenda miezi sita kwenye nchi ya baridi, nikajifunza kuandaa mitaala, nikanunua koti. Makasha niliyatunza miaka minne kwenye chumba chake, juu ya matofali, na dawa ya nondo, mpaka chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam kikakubali kuyapokea. Kila karatasi ina lebo yenye jina lake kwa mwandiko wake. Nilimwandikia kumjulisha, akajibu kwa mistari miwili, kwamba sasa kuna kitu chake ambacho hakiwezi kupikiwa.

Nilikwenda Kitwe kumwona mara moja, mwaka wa nane tangu avuke. Aliishi kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya shule, kuta za rangi ya buluu, ratiba ya vitenzi vya Kifaransa imebandikwa juu ya meza ya chakula. Hapakuwa na jani hata moja ndani. Nilitazama shingoni pake, nako hapakuwa na kitu. Amani alikuwa kazini, fundi wa friji, na mama yake ndiye aliyenisimulia jinsi mwanawe alivyofika. Alikuwa amekaa Uvira miaka mitatu zaidi, miwili kati ya hiyo bila shule. Siku aliyokuja, Mama Nzigire alikwenda kituo cha mabasi akiwa na picha kichwani ya mtoto wa miaka kumi na nne, akawatazama abiria wote walioshuka, akampita kijana mmoja mrefu mwenye ndevu changa, akaenda kumuuliza dereva kama kuna basi jingine. "Ni yeye aliniita kwa nyuma," akasema. "Nilikuwa nimemgusa bega nikimwomba anipishe."

Hapo ndipo nilipoanza kulia, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikasema. Nikamwambia kuhusu ripoti. Nikamwambia kwamba yale maneno ya barua yalikuwa yangu, neno kwa neno, kwamba mimi ndiye niliyeandika kuwa analala vizuri. Alinisikiliza akimenya viazi, bila kusimamisha kisu.

"Najua," akasema. "Niliisoma. Uliacha bahasha wazi mezani, Jumapili ulienda kanisani."

"Kwa nini hukuniambia nibadilishe?"

Akaweka kiazi kwenye maji. "Toka nitoke kwetu, kila karatasi ilisema mhanga. Mkimbizi. Mjane. Mtu aliye hatarini. Hata fomu ya kuomba ile nafasi, miye mwenyewe nilijiandika vile, kurasa saba. Halafu nikasoma yako. Mwanamke mule ndani alikuwa Daktari, anafanya kazi, ametulia. Nilimpenda. Nikasema, acha aende vile." Akachukua kiazi kingine. "Sikuwaza Amani. Siku mbili zile sikumuwaza. Hiyo ni yangu, si yako. Wewe uliniheshimu, mdogo wangu. Hakuna kingine ulichokuwa unatafuta."

Maji yalikuwa yakichemka jikoni. Nilijua kwamba ndiyo nafasi, kwamba ninachotakiwa kusema ni sentensi moja fupi, juu ya ukurasa wa mwisho wa ile fomu, na miezi sita, na koti. Alikuwa akinitazama kwa uso mwema, kisu mkononi, akingoja nifute machozi. Nikayafuta. Nikasema, "Asante, Mama," nikainuka kwenda kuepua sufuria.